Mwaka Wifi Zuhura Alipokataa Kutoka Eda

Ijumaa iliyopita tumemsomea hitima wifi yangu Zuhura. Pale kwenye majamvi, sinia za biriani zishaondoshwa, halua inapita, mwanamke mmoja wa makamo akapangusa mdomo akasema kwa sauti ya kila mtu asikie: "Zuhura ndo mke. Mwenzenu alimlilia mume mpaka eda ikampita asijue. Nani leo anakaa ndani namna ile?" Wenzake wakaitikia, wengine wakafuta machozi. Mie halua ilinipalia. Nilikohoa mpaka mjukuu wangu Ilham akaja kunipiga mgongo, akaniinamia sikioni: "Bibi, usicheke, watu wanakutazama." Nilikuwa nacheka na nalia, vyote kwa pamoja, kwa sababu katika waliokaa jamvi lile ni mimi na Ilham tu tuliojua nini kilichomweka Zuhura ndani. Na siri hii siivunji kwa kiherehere changu. Mwenyewe kaniachia ruhusa. Alipokuwa kitandani mara ya mwisho, figo zishachoka na sukari, alinishika mkono akaniambia: "Wifi, nkishafukiwa, lile la vidonge liseme. Kuna wenzangu hivi sasa wamo vyumbani mwao, na watu wanawasifu. Lakini usinitie chumvi, na usinipunguze." Basi sitii chumvi, wala sipunguzi.

Watu wakihadithia mwaka uliowafunza hutaja ujana. Mie ujanani nilikuwa napika na kulea, sikupata nafasi ya kufunzwa kitu. Mwaka ulionikuza ulinikuta nna wajukuu, magego yashang'oka, najiona najua kila kitu cha dunia hii. Ni mwaka aliokufa kaka yangu Nassor. Alikufa asubuhi, kikombe cha chai mkononi, bila ya kumsumbua mtu, na hilo lilikuwa jambo la mwanzo katika umri wake alilolifanya bila ya kusumbua mtu. Wanawe wako Maskati, walikuja wakazika wakarudi kwenye kazi zao. Zuhura akabaki peke yake katika nyumba ya Kajificheni, na mie nikafunga nguo zangu nikaenda kumkalia. Ndivyo tulivyo: mwanamke akifiwa hukaa kizuka, hatoki nje ila kwa dharura, hajitii hina wala wanja wala udi, mpaka miezi ya eda imalizike. Mtu wa kumpikia na kumpokelea wageni hapaswi kutafutwa, anapaswa kuja mwenyewe. Mie na Zuhura tulikuwa tumetukanana kwa mapenzi miaka yote ya ndoa yake, kama wanavyotukanana mawifi, na siku nilipoingia na furushi langu la nguo alinitazama akasema: "Sasa hata mume sina, na weye bado unanijia?"

Chumba chake kilikuwa juu, na ngazi za nyumba ile zimesimama wima, zina giza mchana kweupe, ukipanda unashika kamba iliyofungwa ukutani. Ukifika juu roho ndo inakurudia. Chumba kirefu kwenda juu, boriti nyeusi, kuta nene zenye vidaka walimokuwa wakiweka vyombo vya Kichina na sasa mna redio mbovu na picha za wajukuu. Godoro la Zuhura tulilitandika chini, karibu na dirisha linaloangalia baraza ya njiani, kwa hivyo kila neno lililosemwa chini tukilisikia sie juu. Asubuhi nikimpikia uji wa pilipili manga, mchana ndizi mbichi na samaki, jioni mkate wa ufuta na supu. Akila. Siku za mwanzo alikuwa akila vizuri na kulia vizuri, kila kimoja kwa wakati wake. Kilichomtesa ni miguu. Sukari ilikuwa ishamharibia mishipa, nyayo zikimuwaka kama kakanyaga makaa, hata shuka ilikuwa haivumiliki kumgusa. Daktari alikuwa kashampa dawa kabla ya msiba, vidonge vya maganda, nusu vyeupe na nusu vyekundu, kimoja wakati wa kulala. Vikimsaidia. Baada ya maziko usingizi ukamkimbia, akameza viwili. Akalala kama mtoto. Asubuhi alinambia: "Wifi, jana Nassor kanitoka kifuani kwa mara ya kwanza. Nimepumua." Nani angemlaumu? Mie nilimwambia alhamdulillahi, nikamtilia uji.

Sasa lazima nieleze habari ya mikono, kwa sababu hapo ndipo tulipoharibikiwa. Kwetu huendi kwa mfiwa mikono mitupu. Unakwenda na sukari, sabuni, mkate, chochote. Na mwenyeji hamuulizi mgeni kitu hicho kakitoa wapi. Ukiuliza umemvunjia heshima. Basi kila alasiri wanawake walikuja, na kwa vile watu hawafikiri, kila mmoja kaja na sukari. Kilo kwa kilo. Zuhura siku moja akatazama rundo lile akasema: "Jamani, sukari ndo inoniua, na nyie mnaniletea ya kufunga duka. Mwenye mapenzi na mimi aniletee kidonge kama hichi." Akakitoa kwenye pindo la kanga akawaonesha. Wanawake wakacheka, kisha Bi Time akasema: "Mbona hivyo hata mie ninavyo? Mie miguu yangu si inawaka kama yako?" Bi Time ni jirani yetu, mwanamke mnene, mcheshi, kashahiji. Akafungua pindo lake naye, kumbe na yeye kavifunga mumo humo. Na mwengine akafungua. Ndipo nilipojua kuwa nusu ya vikongwe vya mji huu vinatembea na miguu ya moto, na kila mmoja kapewa dawa ileile. Tangu siku ile sukari ilikatika. Walikuja na vidonge, vimekunjwa kwenye karatasi laini kama karafuu za kutia mdomoni. Sio kwamba waliuziana, la. Walikuwa wakimpa kwa huruma, kama unavyompa mtu kipande chako cha samaki.

Halafu kikawekwa kisahani. Kando ya dele la kahawa palikuwa na sahani ya kashata, na kando ya kashata kisahani cha vidonge. "Bismillahi," anasema Zuhura, "kimoja cha miguu, kimoja cha roho," na wenye kutaka wanachukua. Baada ya muda kidogo chumba kinabadilika. Wallahi ilikuwa raha. Wanawake ambao miaka yote wamezungumza bei ya samaki na maradhi walianza kuhadithia usiku wao wa harusi. Bi Time alituigizia marehemu mumewe anavyokoroma, kwa sauti zote tatu. Zuhura naye akamuigiza Nassor anavyotafuta miwani aliyoivaa, na mie dada mtu, niliyepaswa kununa, nikaanguka kwenye mto. Siku hiyo tulisikia wanaume chini barazani.

"Juu kuna harusi?"

"Hakuna harusi. Kuna kizuka."

"Kizuka kinacheka?"

"Huenda marehemu alikuwa mkali."

Tukazidi kucheka mpaka Zuhura akaziba mdomo kwa kanga yake nyeupe. Na mie nilionja, nisijifanye walii. Siku moja tu, kimoja tu. Nilihisi kama mtu kanitoa mifupa yote, kaiosha kwa maji ya vuguvugu, kanirejeshea mmoja mmoja. Sakafu ikawa laini. Nilinyanyuka kwenda kuchukua birika, sakafu ikanikimbia, nikamkalia Bi Time mapajani, na tulicheka mpaka wengine wakajikojolea, na hapa sisemi kwa mfano. Nilikipenda kidonge kile. Ndo maana sikurudia. Kitu kikinipenda haraka namna ile hukiogopa. Hata mume wangu wa kwanza alianza hivyo hivyo.

Raha yenyewe haikukaa. Sijui siku gani hasa kicheko kilianza kuwa kizito. Nakumbuka boko boko. Nilimpikia boko boko, ngano na nyama, nimesonga mpaka bega limeuma, kwa sababu ndicho chakula alichokipenda kuliko vyote, na yeye akashika kijiko akakaa nacho, macho yamefumba nusu, boko boko likapoa likafanya ngozi. Nikamwita: "Zuhura!" Akajibu "Naam" kama anayejibu kutoka kisimani. Ulimi ukawa mzito, maneno yakatoka yamevaa makoti. Miguu ikavimba. Mara mbili alianguka akienda chooni, na mara ya pili nilipomnyanyua aliniuliza kwa utaratibu kabisa: "Nassor karudi sokoni?" Nilimwambia bado. Ningemwambia nini? Na kitu kilichoniuma zaidi kilikuwa macho yake. Mgeni akiingia, kabla hajamtazama uso, macho yanakwenda kwenye mikono. Mwanamke aliyekuwa akijua kila mtu mjini kwa jina la nyanya yake, sasa akiwajua kwa walichokunja kwenye karatasi.

Eda ikamalizika. Sie siku ya kutoka eda ni siku kubwa: kizuka anaogeshwa, anavishwa kanga mpya, anatiwa udi na hina kidogo, anatolewa nje ya mlango ayaone tena mapito. Nilikuwa nishaandaa kila kitu. Wanawake wamejaa, chetezo kinafuka. Zuhura kakaa juu ya godoro lake kama kapigiliwa misumari. "Sitoki," akasema. Tukadhani hajasikia. "Sitoki. Yenu ishakwisha, yangu bado." Basi vilio vilivyopanda pale! Wakambusu mikono. Wakasema huyu ndiye mke, huyu ndiye aliyependa. Zile sifa mlizozisikia kwenye hitima zilizaliwa siku hiyo. Mie nilisimama na chetezo changu mkononi, moshi unaniingia machoni, namtazama wifi yangu, na yeye anatazama mikono ya watu. Nikajua. Huko nje hakuna kisahani, basi kwa nini atoke?

Ilham ni muuguzi. Hilo nalisema kila mahali, hata kwa anayeniuzia vitunguu, na atakayechoka kulisikia ahame njia. Mie skuli nilitolewa nikiwa bado sijui kuandika jina la baba yangu sawasawa, na mtoto wa mwanangu leo anavaa nyeupe na watu wazima wanamwita sista. Alikuja kututazama alasiri moja baada ya kazi, akamwamkia Zuhura: "Shikamoo, Bibi." Zuhura akachelewa kuitikia, na marahaba yake ilipotoka ilitoka nusu. Ilham akamchungua, akaniita kwenye ngazi.

"Bibi, huyu halii. Huyu kalewa."

"Kalewa nini, weye mtoto? Nyumba hii haijaingia pombe tangu ijengwe."

"Pombe haikuingia. Hichi kimeingia na kahawa." Akanifungulia kiganja, mna kidonge cha kisahanini, akanifafanulia, polepole, bila ya kunifanya mjinga. Kwamba dawa ile ni nzuri na ina kazi mbili: inatuliza mishipa inayowaka, na inamzuia mtu wa kifafa asianguke. Lakini ukiizidisha, mwili unaizoea, kichwa kinaanza kuidai kama kinavyodai chakula. Ukiichanganya na vidonge vya usingizi, pumzi hupungua, na mtu anaweza kulala asiamke.

"Basi nnakwenda kuvimwaga chooni sasa hivi," nikasema, na nilikuwa nishageuka.

Akanikamata mkono. "Usithubutu. Ukimkatia ghafla atatetemeka, atatapika, hatolala, na anaweza kuanguka kifafa ambacho hakuwa nacho. Hupunguzwa kidogo kidogo. Nitazungumza na daktari wake, yeye ndiye atakayesema vipi."

Daktari akasema, Ilham akaniletea maelezo, mie nikawa mshika dawa. Asubuhi hivi, jioni hivi, na kila baada ya muda hupungua. Zuhura alipojua alinitazama kwa chuki ambayo mawifi wa kweli tu ndio wenye nayo. "Unanitunza au umenifunga? Nduguyo kanifia, kaniacha na ukuta na weye, na hata hichi kimoja unaninyima?" Nilimjibu: "Nakunyima. Nitukane." Akanitukana, na alitukana vizuri, nikafurahi kidogo maana matusi yale yalikuwa na nguvu za Zuhura wa zamani.

Lakini ningewazuiaje wageni? Ningesimama mlangoni nikapiga kelele kuwa wifi yangu amelewa dawa? Jina lile lingekwenda mpaka Maskati kwa wanawe, lingemfuata kaka yangu kaburini. Mtu wako unamsitiri. Basi nikasema kwa maneno laini: "Jamani, mleteeni matunda, tumbo lake limekuwa baya." Wakaleta matunda, na vidonge chini ya matunda. Nikavikuta chini ya vitumbua, nikavikuta ndani ya mfuko wa ubani. Bi Time, na Hija yake, alikuwa akivificha ndani ya ushungi! Nilipomkodolea macho alinijia juu: "Riziki, una roho ngumu. Mwanamke kafiwa, anaungua miguu, na weye unamhesabia dawa?" Wote wakaniona mie ndiye joka la nyumba. Mie nampunguzia kwa mkono wa kulia, wao wanamzidishia kwa mkono wa kushoto, na Zuhura katikati anayeyuka kama barafu ya malai.

Kulikuwa na mmoja aliyenishangaza, Asha wa Mwanakwerekwe. Asha alikuwa kijana wa watu, miguu yake mizima, anauza nguo za watoto sokoni kule. Zuhura ndiye aliyekuwa somo wake, aliyemfunda na kumpeleka kwa mumewe, na Asha akimpenda kuliko mama yake mzazi. Kila akija anacho kikaratasi. Siku moja nikamkalia njia kwenye ngazi, yeye chini, mie juu, kamba katikati.

"Asha, weye miguu haikuwaki. Unavitoa wapi?"

Akainama. "Vya Nunuu."

Nunuu ni binti yake. Alikuwa skuli, msichana mrefu, mwenye maneno mengi, na tangu utotoni ana kifafa. "Anavyo vingi, Bi Riziki," Asha akasema haraka haraka. "Siku hizi haanguki kabisa, dawa imemkubali. Namrukisha siku moja moja tu. Bi Zuhura kaniomba, nami ntamwambia sina?"

Nilimwambia akome, na kwa sauti ambayo sikuitumia kwa mgeni yeyote katika umri wangu. Akalia, akaapa, akashuka. Nikadhani imekwisha. Kumbe nilichelewa. Wiki ileile, asubuhi, Ilham akanipigia simu kutoka kazini. Nunuu kaanguka skuli, kwenye vidato vya ngazi za darasani. Kaanguka kifafa kirefu, mdomo umepasuka, jino limetoka, wamemshona. Yuko hai, Bibi, yuko hai, akanirejelea. Atarudi nyumbani kwao leo.

Nilikaa jikoni na simu yangu, samaki anaungua. Kumwambia Zuhura niliogopa atavunjika, na kutomwambia niliogopa zaidi. Nikafikiri: kama nikimwambia na bado macho yake yakaenda kwenye mikono ya watu, basi wifi yangu hayupo tena, nimebaki na mwili wake tu. Hilo ndilo nililokuwa nikilichelea, si kingine. Nikamchukulia chakula, wali na samaki aliyeungua, nikakaa mbele yake. Jua limeingia dirishani, limemkalia usoni, na aliniuliza kabla sijafungua mdomo: "Asha haji leo?"

"Asha haji. Nunuu kaanguka."

"Kaanguka nini?"

"Kifafa, Zuhura. Kaanguka skuli. Vidonge vyake alikuwa akikuletea weye."

Chini barazani mtu alikuwa akibishana juu ya mpira. Zuhura akasema kwa ule ulimi mzito: "Si vile. Vile vilikuwa vya Asha mwenyewe." Nikasema Asha hana maradhi. Akasema: "Mie sikumuuliza." Kisha tena, taratibu, kama anayejisikiliza: "Sikumuuliza, Riziki. Mgeni haulizwi." Nilitaka kumwambia najua, na sote tumefunzwa hivyo, lakini nilijizuia. Nilimwacha na neno lake. Akaukodolea macho mchuzi mpaka nikadhani kashalala. Halafu akauliza: "Kameumia wapi, kale katoto?" Nikamwonesha mdomo wangu. Akagusa wake mwenyewe, palepale. Na macho yake, wallahi, yalikuwa usoni kwangu.

"Nipe buibui langu."

Nisije nikawafanya mkadhani alipona siku ile. Hakupona. Kupunguza kulimaliza mwaka mzima uliobaki, na kulikuwa na siku alitetemeka jasho likarowesha godoro, na siku alizoniapiza. Mara moja nilimkuta anapekua mkoba wa mgeni aliyekwenda kutawadha. Daktari mwishowe alimwachia kile kimoja cha kulalia, cha miguu, kama mwanzo, na hicho alikimeza mbele ya mtu mpaka alipokufa, kwa kutaka mwenyewe. Nayasema haya sasa ili nimalizane nayo, maana siku nnayotaka kubaki nayo ni ile ya buibui.

Zile ngazi alikuwa hajazishuka tangu litoke jeneza la Nassor. Miguu imevimba, viatu havikuingia, akavaa ndara zangu. Kidato cha kwanza alitikisika, cha pili akaniambia: "Niache nikae." Akakaa kitako, akashuka kwa makalio, kidato baada ya kidato, buibui linakusanya vumbi, mie mbele yake nimemtandazia mikono kama namdaka embe. "Wifi," akasema gizani, "usipocheka sasa hutocheka tena." Nikacheka, machozi yananitoka. Tukatoka mlangoni, jua likampiga, wanaume wa barazani wakauacha mpira wao wakainuka mmoja mmoja kwa heshima. Kizuka katoka, bila ya chetezo, bila ya hina, na ndara za kuazima. Dereva wa gari ya kukodi alitusogezea mpaka pembe ya njia.

Mwanakwerekwe tulimkuta Nunuu kalala juu ya mkeka ukumbini, mdomo umevimba kama tini, uzi mweusi unaonekana. Asha alipotuona alipiga magoti. Zuhura hakumgusa Asha kwanza. Alikwenda kwa mtoto, akajishusha chini kwa tabu, akaukalia mkeka. Nunuu, na ule mdomo wake, akamuuliza neno ambalo hakuna mtu mzima katika sisi aliyewahi kumuuliza:

"Bi Zuhura, vilikuwa vitamu?"

Asha akashtuka: "Nunuu!"

"Mwache," akasema Zuhura. "Vitamu, mwanangu. Vitamu sana. Nilikuwa sisikii miguu, sisikii nyumba kuwa tupu. Na vilikuwa vyako." Akalia hapo, na kilio hichi nilikitambua, kilikuwa kilio cha siku za mwanzo, cha mtu aliyemo mwilini mwake. Nunuu akasogea ukutani akampisha nafasi. Kikongwe na msichana wakalala mkeka mmoja, mmoja anawaka miguu, mmoja mdomo, na Asha kasimama juu yao na bakuli la uji hajui ampe nani kwanza. Ilham alifika na nguo zake za kazi, kaleta dawa ya Nunuu na kidonge cha Zuhura cha jioni, akamwambia Asha mbele yetu sote kwamba dawa ya mtoto hairukishwi hata siku moja, hata akiomba nani. Zuhura akaitikia kabla ya Asha: "Hata nikiomba mie." Kisha akanitazama. "Nenda nyumbani, wifi. Mie leo nalala hapa."

Miezi yote ile sikuwahi kumwacha hata kwenda harusini. Nilimtazama Ilham, Ilham akaitikia kwa kichwa, ndiyo. Nikaenda. Niliingia chumba kile cha Kajificheni peke yangu, nikakunja godoro, nikafagia, nikakiosha kisahani nikakifunika kidakani. Kahawa ilikuwa haijachemka niliposikia hodi chini na pumzi za mtu mnene anayepanda. Nikasimama juu ya ngazi. Bi Time, kashika kamba kwa mkono mmoja, bakuli la vitumbua mkono wa pili, limefunikwa kitambaa.

"Kizuka kalala?"

"Hayupo."

"Hayupo kenda wapi?"

"Katoka."

Akasimama hapo katikati ya ngazi. "Katoka eda? Bila ya kutuambia? Bila ya udi, bila ya hina?"

"Bila hata ya kuoga, Bi Time. Katoka tu."

Alitazama bakuli lake kama hajui limemfikaje mkononi. "Na hivi vitumbua?"

"Vitumbua nipe mie. Vilivyo chini ya vitumbua rudi navyo, vimeze weye kama ulivyoambiwa na daktari."

Nilidhani atanitukana. Aliketi palepale kidatoni, akaliweka bakuli pembeni, akavua viatu, akazinyoosha nyayo zake kwenye jiwe baridi. "Inawaka, Riziki," akasema. "Tangu nianze kumletea yeye, inawaka." Nikashuka, nikakaa kando yake.